Fukuoka, mji ambao taka zinabebwa usiku

Kila nikipiga simu nyumbani swali ni lile lile, "eti Wajapani wakoje?", na jibu wanalolitaka nalijua, wanataka maroboti, treni za mwendokasi na vyoo vya vitufe. Vyoo vipo kweli, na kuna kitufe kimoja kazi yake ni kutoa sauti ya maji yanayomwagika ili wa choo cha pembeni asisikie shughuli zako. Sasa hicho kitufe ndo Japani ninayoijua mimi. Ukikaa huku ukaacha kushangaa mashine ukaanza kuangalia watu, unaona jambo moja linajirudia kwenye taka, kwenye bafu, kwenye viatu, mpaka kwenye kula: mtu anamfikiria yule atakayekuja baada yake. Hamjui, hatamuona, inawezekana hata hampendi, ila nafasi anamuachia safi. Mi nimeona hivyo, wengine wa huku wataandika yao.

Nakaa Fukuoka, kisiwa cha Kyushu, kusini magharibi mwa Japani, mji wa watu kama milioni 1.6, na ukichukua ramani utaona Seoul ya Korea iko karibu kuliko Tokyo. Uwanja wa ndege uko mjini kabisa, ukitoka unapanda treni ya chini ya ardhi, vituo viwili tu ushafika Hakata, stesheni kuu ya mji. Nilikuja kusoma nikabaki kwa kazi, stori ya wengi hiyo.

Tuanze na taka maana ndo somo la kwanza la mgeni yeyote. Ukihamia mji wowote una siku 14 za kwenda ofisi ya mtaa wenu kuandikisha anwani, na pale pale unaondoka na karatasi ya taka, ina picha na rangi na ratiba, watu wanaibandika kwenye friji. Miji mingi ya Japani taka zinatolewa asubuhi mapema, Fukuoka ni usiku. Unatoa mfuko kuanzia jua likizama mpaka saa 6 usiku, alafu magari yanapita watu wamelala. Asubuhi ukifungua dirisha hamna kitu, hamna foleni ya gari la taka mbele ya basi, na kunguru wanaamka wamechelewa. Kwenye miji ya asubuhi watu wanahangaika na nyavu za kufunika mifuko kwasababu kunguru wa Japani ni wakubwa na wana akili ya kihuni, wanachana mfuko wanachagua nyama.

Mfuko wenyewe sio wowote. Unanunua mfuko wa manispaa, upo supamaketi na kwenye vile viduka vya masaa 24 wanaita konbini: mwekundu ni wa taka za kuchomwa, wa bluu vitu visivyochomwa, wa njano chupa za kioo na za plastiki. Mkubwa wa kuchomwa, lita 45, ni yen 45, wa lita 30 ni yen 30, mdogo lita 15 yen 15. Kumbe ile bei ndo ada ya uzoaji, hamna mtu wa kupita mlangoni na risiti, ukizalisha taka nyingi unalipia mifuko mingi basi. Nimeipenda sana hii. Za kuchomwa mara mbili kwa wiki, chupa mara moja kwa mwezi, kwahiyo ukipitiwa na siku ya chupa unakaa na chupa zako mwezi mzima zinakutazama kwenye kibaraza.

Chupa ya plastiki unatoa kifuniko, unachana lebo, unasuuza, unaikanyaga iwe bapa. Mafuta ya kukaangia humwagi kwenye sinki, kuna unga unauzwa, unatia mafuta yakiwa bado ya moto, yakipoa yanaganda donge zima unalibandua unatupa na za kuchomwa. Ila kilichonishika hasa ni bibi wa nyumba ya jirani yangu. Alivunja kikombe cha chai, nikamkuta nje anafunga vile vipande kwenye gazeti, safu ya kwanza, safu ya pili, tepu pande zote, alafu akachukua kalamu nene nyekundu akaandika juu kwa herufi kubwa kwamba ndani kuna kitu kikali. Kikombe kimoja jamani! Nikamuuliza Bi mkubwa mbona kazi yote hiyo, akanijibu hata hajainua kichwa, "yule kijana anabeba kwa mikono". Yule kijana wa gari la taka anapita usiku bibi kalala, hajawahi kumuona uso.

Na kutupa kitu kikubwa unalipa. Kochi, kabati, godoro, unapiga simu au unaingia mtandaoni unapewa siku na namba, unaenda konbini kununua stika, unabandika kwenye kochi lako ndo wanakuja. TV, friji, mashine ya kufulia na AC ndo hazikubaliki kabisa kwenye taka, tangu 2001 kuna sheria kwamba anayetupa analipia kuchakatwa. Moyo unauma nyie. Friji inagandisha barafu vizuri tu, kwetu ingepata mteja kabla haijashuka kwenye kirikuu, huku unalipa ili ichukuliwe.

Wanaolalamika Fukuoka ni ngumu wajue kuna mji mdogo unaitwa Kamikatsu, mkoa wa Tokushima, tangu 2003 walitangaza wanataka wafike taka sifuri, na wanatenganisha makundi zaidi ya 40. Gari la taka hamna, unabeba mwenyewe mpaka kituoni unaanza kupanga, karatasi za aina hii kule, chuma cha aina ile hapa. Mi pale ningehama.

Barabarani napo usitafute pipa. Mapipa mengi yaliondolewa baada ya Machi 1995, kundi la kidini la Aum Shinrikyo lilipotega gesi ya sumu ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo, na mengi hayajarudi mpaka leo. Kwahiyo ganda la ndizi unatembea nalo. Kila mtu ana kamfuko kwenye begi, anarudi nalo home, na barabara ni safi! Wageni wakija tunawapitisha kwenye hii hesabu, pipa hamna na uchafu hamna, wanabaki wanaguna.

Sasa ukikosea nini kinatokea? Hakuna atakayekugombeza. Mfuko unabaki pale pale umebandikwa stika, na majirani wote wanapita wanauona. Kwenye jengo la rafiki yangu mmoja msimamizi alibandika tangazo kwenye lifti, picha ya mfuko, chini yake "tunawaomba wakazi wote kwa unyenyekevu wazingatie ratiba", wakazi wote wakati kila mtu anajua ni wa ghorofa ya tatu. Ndo ugomvi wa huku ulivyo. Mi nimekulia Tanga, kwetu jirani akikerwa utamsikia, atatoka na khanga kiunoni atakwambia mbele ya watoto mkimaliza yameisha jioni anakuletea maandazi. Huku yanaandikwa kwa unyenyekevu, na hayaishi.

Tuje kwenye bafu, najua ndo mnalisubiri. Kutoka hapa ukipanda treni masaa mawili hivi unafika Beppu, mkoa wa Oita, mji wa chemchemi za maji moto, moshi unatoka ardhini mpaka kwenye mitaro ya barabarani. Mabafu ya mtaa yapo kibao, mengine yanaendeshwa na wakazi wenyewe kwa hela ndogo sana, na kuna la zamani maarufu linaitwa Takegawara, lilianza 1879, jengo la mbao lililopo sasa ni la 1938. Wanaume kwao, wanawake kwao, na ndani nguo hamna. Hata kidogo. Nguo za kuogelea haziruhusiwi.

Na kuoga kwenyewe sio ndani ya yale maji, hapo ndo wageni wengi wanaduwaa. Unaoga pembeni kwanza umekaa kwenye kistuli, sabuni, kichwa, kila kitu, unajisuuza mpaka povu liishe, ndo unaingia kwenye dimbwi kujichemsha tu. Maji yale ni ya wote, aliyeingia kabla yako na atakayeingia baada yako. Kitaulo hakigusi maji, unakikunja unakiweka kichwani. Ukitoka unakisuuza kistuli na beseni ulilotumia, unavirudisha, na kabla hujavuka mlango wa chumba cha nguo unajikausha hapo hapo ili sakafu isilowe kwa wenzio. Wale mabibi wa Beppu wanafanya haya yote huku wanapiga stori wala hawaangalii mikono. Na ni mahali pekee Japani ambapo mtu nisiyemjua ananianzishia maongezi mwenyewe, ametoka wapi huyu, kaja na nani, kwao kuna volkano? Treni ile ile angenikwepa macho.

Kwa watu wa stara, na najua wasomaji wengi wa hapa mmelelewa hivyo kama mimi, Kyushu imejaa mabafu ya familia, kazokuburo, unakodi chumba chenye bafu lake kwa saa moja hivi unafunga mlango uko peke yako au na wa kwako. Msije mkaacha kwenda kisa aibu. Wenye tatuu nao waulize kabla, sehemu nyingi bado hawaruhusu kwasababu watu wanahusisha na yakuza, magenge ya uhalifu ya huku.

Viatu sitarefusha, kwetu pia tunavua. Tofauti ni kwamba ukishavua unavigeuza, ncha zielekee mlangoni, ili wa kutoka asihangaike na njia iwe wazi kwa anayeingia. Ndala za ndani hazikanyagi mkeka wa tatami, na chooni kuna ndala zake ambazo hazitoki chooni.

Chakula! Fukuoka ni mji wa yatai, vibanda vya barabarani vya usiku, Nakasu pembeni ya mto, Tenjin na Nagahama. Ukitaka picha ya haraka fikiria Forodhani usiku, ila kila kibanda kina pazia na viti vyake, watu nane au kumi mnabanana bega kwa bega mbele ya mpishi. Miaka ya 1960 vilikuwa zaidi ya 400, sasa ni kama 100. Vilikuwa vinakufa vyenyewe maana kwa muda mrefu leseni haikuruhusiwa kupewa mtu wa nje, mzee akistaafu kibanda kinaondoka naye, mpaka 2013 jiji likatunga sheria yake ndogo ya yatai, nafasi zikaanza kutangazwa watu wapya wakaomba. Sheria inabana kweli, kibanda kina ukubwa wake, bei lazima ziandikwe, na chakula kibichi hakiuzwi, kila kitu kipikwe kikitoka, kwahiyo sushi usiulize.

Kinacholiwa hasa ni tonkotsu, rameni, yaani tambi kwenye supu ya mifupa ya nguruwe iliyochemka mpaka ikawa nyeupe. Wasiokula nguruwe, oden, mchemsho wa vitu kama samaki na mayai, ipo kwenye vibanda vingi lakini uliza supu imepikwa na nini. Tambi unaagiza ugumu wake, kuna laini, kawaida, ngumu, ngumu sana, na kuna wanaoomba ngumu kama waya. Tambi zikiisha supu imebaki unasema kaedama, unaongezewa tambi tu kwa hela kidogo. Ziko nyembamba ndo maana zinaiva kwa sekunde, mji huu ulikuwa wa wauza samaki na wabeba mizigo wenye haraka. Na haraka yenyewe imebaki: ukimaliza unainuka. Hamna bango, hamna anayekwambia, ila ukiona watu wamesimama nje ya pazia na bakuli lako ni tupu, unalipa unaondoka. Marafiki wangu wa Bongo wakija ndo shida, sisi chakula kikiisha maongezi ndo yanaanza.

Kwenye yatai moja ya Nagahama alikaa pembeni yangu mzee mmoja, sura ya kuwahi kuwa mtu wa mazoezi, akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Tanzania. Nilijiandaa kwa Kilimanjaro na simba. Akaweka vijiti chini akasema "Ikangaa!" alafu akaanza kutikisa mabega pale kwenye kiti, anaigiza mbio. Kumbe mwaka 1983 kwenye marathoni ya Fukuoka, Juma Ikangaa wetu alichuana na Mjapani Toshihiko Seko mpaka ndani ya uwanja, Seko akamtoka mwishoni, 2:08:52 kwa 2:08:55, sekunde tatu baada ya kilomita 42. Mzee anasema alikuwepo barabarani na kibendera. Na 1986 Ikangaa akarudi akashinda hapa hapa. Huyu mzee anajua dakika na sekunde za mwanajeshi wa Tanzania wa miaka ya 80, mi niliyezaliwa huko najua nusu yake. Alinilipia kaedama, akainuka, watu walikuwa wanasubiri.

Julai ndo mji unabadilika kabisa. Kuanzia tarehe 1 mpaka 15 kuna Hakata Gion Yamakasa, sherehe ya hekalu la Kushida, na tarehe 15 alfajiri saa 10 na dakika 59, sio saa 11, wanaume wamevaa mashuka ya kiunoni na makoti mafupi wanatoka mbio na jengo la mbao la kama tani moja mabegani, kilomita 5 hivi katikati ya mji. Hiyo dakika moja ya nyongeza ni ya wa kwanza tu, wao wanasimama kwanza hekaluni kuimba. Kinachonifurahisha sio mbio, ni kupokezana. Mzigo hausimami. Anayechoka anachomoka, mwingine kashaingia chini ya mti, na mamia wanakimbia nyuma wakisubiri zamu zao, watu wa pembeni wanawamwagia maji. Siku hizo hawali tango, kwasababu ukilikata duara linafanana na nembo ya hekalu. Kwenye kantini ya kazini kuna kaka anachomoa vipande vya tango kimoja kimoja kwenye saladi kwa adabu zote.

Nisisahau bahasha, maana tulialikwa harusi mwaka huu. Sisi tunajua kamati, vikao, kadi ya single na double, na mweka hazina anayepiga simu mpaka unazima. Huku hamna anayekuomba. Rafiki wa kawaida anatoa yen elfu 30, kama laki tano za kwetu hivi, na ni elfu 30 kwasababu tatu ni namba witiri, haigawanyiki pasu kwa pasu kwa wawili. Noti lazima ziwe mpya, unaenda benki mapema kuzibadilisha. Ile kamba ya juu ya bahasha imefungwa fundo lisilofunguka, harusi iwe moja tu. Ya mtoto kuzaliwa inafungwa upinde unaofunguka kirahisi, ijirudie. Msibani ni kinyume, noti mpya ni aibu maana itaonekana ulikuwa umejiandaa mtu afe. Alafu wafiwa nao wanarudisha zawadi, kawaida kama nusu ya ulichotoa. Nusu! Msiba umeisha, familia imekaa na daftari inapiga hesabu nani arudishiwe taulo nani chai. Hapa nawapa pole, sisi tungesema ahsanteni na Mungu awazidishie.

Sio kwamba kila kitu ni asali. Kutafuta nyumba nimeshasikia wakala anapiga simu mbele yangu, "mteja ni mgeni", kimya, "sawa, nimeelewa", anakata anafungua ukurasa mwingine. Na ukipata kuna reikin, hela ya shukrani kwa mwenye nyumba, kodi ya mwezi au miwili ambayo hairudi, unamshukuru kukuruhusu umlipe. Kwenye treni kiti cha pembeni yangu kinabaki kitupu na watu wamesimama. Kuna siku naona raha, naweka begi. Kuna siku nikitoka kazini nimechoka kinaniuma, siwezi kudanganya. Na huku kutosumbuana kuna bei yake, wazee wanaokufa peke yao ndani wanagunduliwa baada ya siku nyingi, wana mpaka jina la hiyo hali. Mtaani kwetu kuna ubao wa matangazo unaozungushwa nyumba kwa nyumba, unasoma, unagonga muhuri, unampelekea wa pili. Nilidhani ni mambo ya zoezi la tetemeko na ratiba ya usafi tu. Yule bibi wa kikombe anasisitiza kuukabidhi mkononi, haachi mlangoni. Mi nikichelewa kufungua anasubiri. Sasa namuelewa anachokagua.

Na uaminifu wao mnaousikia ni kweli, ukidondosha pochi nenda koban, kibanda cha polisi, kuna uwezekano mkubwa ipo na hela zote. Kisheria aliyeokota ana haki ya kudai asilimia 5 mpaka 20, na mwenyewe asipopatikana ndani ya miezi mitatu vitu vingi vinaweza kuwa vyake. Watu wanaacha laptopu mezani wanaenda kuagiza kahawa.

Ila mwavuli! Mwavuli wanachukua nyie. Ile ya plastiki inayoonyesha, unauacha kwenye ndoo nje ya konbini, unaingia dakika mbili kulipia bili, ukitoka haupo na mvua za Juni hazina huruma. Watu hao hao waliosuuza kistuli cha bafu na kufunga kikombe kwenye gazeti! Nimewauliza wenzangu kazini, wanacheka tu, hamna anayekubali amewahi kuchukua na wote wameshachukuliwa. Nimefunga kipande cha khanga kwenye mpini wa wangu, chekundu, kinaonekana toka ng'ambo ya barabara, na mpaka sasa hakuna aliyethubutu.